Chupa Hufunguliwa Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chupa hata moja. Niliingia kwa mlango wa nyuma wa hoteli moja katikati ya mji wa Lubumbashi, nimevaa sketi nyeusi niliyoazima kwa dada yangu. Maître d'hôtel, yaani mkubwa wa ukumbi wa chakula, akanipa kitambaa cheupe na kreti za glasi, akaniambia nipanguse. Nilipangusa mpaka wageni wa mchana wakaanza kuingia. Kila alipopita aliinua glasi moja kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akairudisha mbele yangu niipanguse tena. Nilikasirika. Nilikuwa nimemaliza shule, Kifaransa nilikijua, na sikuona kwa nini mzee yule ananichezea. Nilipomwuliza, alinijibu polepole:

— Mama, muntu akikuja huku na bibi yake, kitu cha kwanza atangalia ni glasi. Akiona alama ya bidole ya muntu mwingine, hatakunywa. Atasema hana kiu. Lakini sababu haiko kiu, sababu ni ile glasi.

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia usafi tu. Ilinichukua muda kutambua kwamba katika mji wetu kazi ya kumimina divai ni kazi ya kuaminiwa, na kwamba mengine yote, majina ya zabibu, nchi zinakotoka, jinsi ya kushika chupa, mtu mwenye akili anajifunza.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Jina langu Odile, wengi wananiita Mama Odile, na sasa ninakaa Kasungami, kwenye kiwanja chenye mihogo na mboga. Nilizaliwa Kipushi, baba akishuka kila siku chini ya ardhi mgodini. Nyumbani kwetu pombe haikuingia. Tulikuwa watu wa kanisa, na katika kanisa letu mtu hanywi, basi. Mimi niliimba kwaya tangu utoto, sauti ya pili, ile inayokaa chini ya wimbo na ambayo watu hawaitambui mpaka siku isipokuwepo. Nilipoolewa Lubumbashi niliingia kwaya ya kanisa hilo hilo huku mjini. Nawaambieni wazi: katika maisha yangu, ukitoa watoto wangu, hakuna nilichokipenda kuliko kusimama kwenye ile safu ya pili siku ya Jumapili.

Mtu wa kanisa kama hilo anafikaje kuwa mhudumu wa divai? Kwa njaa, kama wengi. Nilitafuta kazi yoyote, nikapata ya glasi. Kisha maître aliona nina pua. Alininusisha bakuli za jikoni nikiwa nimefumba macho, nikamtajia iliki, limau lililolala, samaki wa jana. Akacheka, jambo alilolifanya mara chache sana, akasema kuanzia sasa nitajifunza vin, yaani divai.

Nilimwambia sinywi. Akanijibu kwamba hakuna aliyenituma kunywa. Anayehudumia divai anaonja: anachukua kidogo mdomoni, anaizungusha, anavuta hewa, kisha anatema kwenye crachoir, kile chombo cha kutemea. Nilikwenda kwa pasta nikamweleza hivyo hivyo. Akawaita wazee, wakazungumza bila mimi. Jibu lao lilikuwa kwamba kazi ni kazi, watoto wanapaswa kula, lakini nisimeze. Niliahidi mbele ya kanisa lote, nimesimama, kwamba sitameza. Kuna waliocheka kichinichini. Mimi sikucheka, kwa sababu ahadi ile ndiyo iliyonibakiza kwaya.

Basi nikajifunza. Wa kwanza kunifundisha alikuwa yule maître, mtu wa Lubumbashi tangu babu zake, mwembamba, mkali kwa kola ya shati kuliko kwa jambo lingine lolote. Alinipa limonadier, kile kifungulio kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni. Unakata karatasi ya shingo chini ya mdomo wa chupa, unaingiza skrubu katikati ya kizibo bila kukitoboa hadi chini, unainua kwa hatua mbili, na kizibo kinatoka bila kelele. Kizibo kikilia, alisema, ni mhudumu anayejionyesha. Kisha unakinusa, unakiweka kwenye kisahani upande wa mgeni, unammiminia kidogo aliyeagiza, unasubiri. Akikubali, unahudumia wanawake, wazee, wengine, na aliyeagiza unamaliza naye.

Yote hayo yapo kwenye vitabu vya shule za hoteli. Lakini kulikuwa na sheria moja aliyoisema kwa sauti tofauti: chupa hufunguliwa mezani. Si kwenye office, yaani kile chumba kidogo kati ya jiko na ukumbi. Si kwenye kaunta. Mezani, macho ya mgeni yakiona.

— Bazungu banafanya ile juu ya heshima, aliniambia. Banataka mugeni asome jina la vin. Shiye tunafanya juu ya uzima. Usisahau.

Wala sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nani kwetu hajui? Hata kwenye nganda ya mtaani, mahali pa bia na viti vya plastiki, mhudumu analeta chupa ikiwa na kofia yake kichwani. Unaigusa kama ina baridi, unaitikia kwa kichwa, ndipo anaifungua mbele yako. Akikuletea iliyo wazi unaikataa, hata kama mhudumu ni binamu yako, na hasa kama ni binamu yako. Watu wanaogopa sumu. Mnaweza kusema ni hofu tupu, na mara nyingi ni hofu tupu, lakini hofu hiyo inakaa mezani pamoja na wageni na inabidi uihudumie nayo.

Kutoka hoteli ile nilihamia mkahawa ambao patron, yaani mwenye mali, alikuwa Mgiriki mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, aliyezungumza Kiswahili chetu kuliko sisi tuliosoma. Hapo ndipo nilipoona kweli jinsi Lubumbashi inavyokula nje. Mchana walikuja mainjinia wa migodi, wenye haraka, wakila nyama na simu mkononi. Jumamosi walikuja wenye harusi. Siku za kutoka matokeo walikuja vijana wa chuo kutoka Kasapa na wazazi wao, baba amevaa suti ya kanisani, mama akishika menyu kwa mbali, wote wakiogopa kuuliza. Kwa wageni hao nilikuwa naegemea karibu na kuwaambia kwa sauti ndogo: mweye munapenda kitu ya kusukari ao ya kukauka? Hapo mabega yao yalishuka.

Divai nyingi zilitoka Afrika Kusini, zikipita Zambia kwa lori siku nyingi kwenye jua. Joto linapika divai. Unafungua chupa yenye jina kubwa, inanuka mkate ulioungua na zabibu kavu, na kizibo kimepanda juu kidogo kwa sababu divai ilivimba njiani. Nilijifunza kupapasa vichwa vya chupa kwa kidole gumba zilipofika, na zile zilizovimba patron alizipeleka jikoni kwa mchuzi. Nilijifunza pia kunyamaza. Mara ya kwanza mgeni aliponiagiza barafu kwenye divai nyekundu nzuri, na chupa ya Fanta ya kuchanganya, nilikwenda kwa patron nikiwa na moto.

— Papa, ule muntu anaharibisha vin.

— Ile vin ni ya nani sasa? Si yake? Anataka Fanta, peleka Fanta. Na upeleke na meno inje, cheka, usikunje uso.

Nilipeleka. Miaka ilivyopita nikaona mzee yule alikuwa sahihi: mgeni aliyehudumiwa Fanta yake bila kudharauliwa alirudi, na safari ya tatu aliniuliza mwenyewe, Mama, unipatie ile bila kitu ndani, nijaribu. Ninyi vijana mnaojua majina ya zabibu zote na mnakunja pua, sikieni hilo.

Jambo kubwa zaidi nililoliona kwa patron Mgiriki ni kwamba si kila anayekuja mkahawani anakuja kula. Wengine wanakuja kwa sababu hawawezi kula kwao. Familia imegombana, kumetoka msiba, watu wameanza kutazamana, na hakuna anayethubutu kula sufuria ya mwenzake. Lakini bila kula pamoja hakuna kupatana. Maneno matupu hayatoshi kwetu. Basi wanatafuta meza isiyo ya mtu. Mkahawani aliyepika hawajui, naye hana neno na yeyote kati yao. Nilijifunza kuwatambua: wanafika kwa magari tofauti, wanakaa bila kuvua koti, wanaagiza kitu kile kile wote. Meza kama hizo patron alinipa mimi. Alisema nina uso wa mtu wa kanisa.

Patron alipozeeka akauza, nami nikachukuliwa na mkahawa mpya wenye baraza pana na bustani. Hapo nilipewa cheo: mkubwa wa divai, na chini yangu wahudumu kadhaa. Gérant, msimamizi wa nyumba nzima, alikuwa kijana wetu aliyesomea hoteli Ulaya. Msitarajie nimseme vibaya. Alijua kazi, alilipa watu vizuri, alisalimia wapishi asubuhi. Alileta divai za zamani, zile zinazoweka machicha chini ya chupa, na akaleta carafe, chombo cha kioo chenye shingo nyembamba cha kumiminia divai ili machicha yabaki nyuma na divai ipate hewa. Kwa divai kama hizo ndivyo inavyotakiwa. Ila yeye alitaka kazi hiyo ifanyike office, carafe itoke ikiwa tayari na ing'ae, ukumbi usione vurugu ya mishumaa ya kumulikia machicha na vitambaa.

— Monsieur le gérant, nilimwambia, huku bantu banataka kuona chupa inafungulwa.

— Mama Odile, huku ni maison ya classe, nyumba ya heshima. Bakiona ile carafe batafurahi. Tuachane na mambo ya nganda.

Alikuwa mkubwa wangu, nami nilishasema langu, nikaliacha hapo. Kwa wageni wengi ilipita. Nilikuwa naiweka chupa tupu karibu na carafe na kizibo chake, wakaridhika.

Siku moja akaja mfanyabiashara mmoja kuagiza meza ya kesho yake mchana. Alikuwa wa kutoka Kivu Kaskazini, mwenye duka la jumla, Mkristo, mpole wa sauti. Yeye na kaka yake, mwenye magari makubwa ya mizigo, walikuja Lubumbashi pamoja wakiwa vijana na wakajenga kila kitu pamoja. Nilimwuliza anataka meza gani, kwa ndani au kwa nje. Badala ya kujibu alikaa, akanieleza mambo ambayo sikuwa nimemwuliza.

— Mama yetu alikufa, Mama. Siku ile alikuwa amekula kwangu. Alirudia kwa yaya, ule kaka yangu mukubwa, akalala, asubui akafa. Bantu bakaanza kusema. Yaya hakusema kitu, lakini tangu kilio hakula kwangu tena. Batoto yake nao bakakatazwa. Kesho amekubali kukuja. Mchungaji wa kwetu alimusemesha sana. Mama, uniangalilie ile meza.

Nilimwambia nitaihudumia mwenyewe. Aliagiza divai kwa sababu kaka yake anaipenda, nyekundu ya zamani, ile bora tuliyokuwa nayo. Nikamwonyesha meza ya pembeni, kwenye baraza, chini ya ukuta wa maua, ambako mtu anaweza kuzungumza bila kusikilizwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na ukumbi ulijaa. Karibu na meza ile ya pembeni alikaa kiongozi wa kwaya yetu, Mama Béatrice, pamoja na mume wake na mtoto wao aliyekuwa amepata diploma Kasapa. Nilifurahi kumwona, nikamletea maji mimi mwenyewe, tukasalimiana kwa kushikana mikono miwili. Kisha nikaitwa upande wa pili, kwa kundi la wageni wa mgodi lililokuwa linarudisha chupa. Mdogo mtu, yule wa duka, alifika mapema, nikamwona akiketi. Niliporudi, kaka yake naye alikuwa amefika, mtu mkubwa mwenye ndevu nyeupe, na koti hakuvua. Katikati yao, juu ya kitambaa cheupe, ilisimama carafe imejaa divai nyekundu. Gérant alikuwa ameitoa mwenyewe kwa nia njema kabisa, kwa sababu meza ile ilikuwa imeagiza divai bora. Chupa na kizibo vilibaki office.

Kaka mtu aliiangalia carafe muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa glasi.

— Hii vin balifungulia wapi?

Mdogo wake alikuwa amekaa pale kabla yake, peke yake, na wote wawili walijua hivyo.

— Nakuuliza. Balifungulia wapi?

— Yaya, mi nilikuta iko vile, balileta...

— Ulifika mbele yangu.

Sura ya yule mdogo sitaisahau. Hakukasirika. Alibadilika rangi kama mtu aliyeambiwa mama yake amekufa tena. Akaanza kukunja kitambaa chake cha mapajani, polepole, kwa namna ya mtu anayejiandaa kusimama. Gérant alikuwa ameshafika kwa haraka, akiinama, akisema kwa Kifaransa kwamba atabadilisha, ataleta chupa nyingine, itafunguliwa hapa hapa, nyumba inaomba radhi. Akanyoosha mkono aichukue carafe.

Hiyo ndiyo sheria: mgeni akikataa divai, unabadilisha bila kubishana. Nimeifuata maisha yangu yote na nimewafundisha wengine waifuate. Lakini pale niliona wazi kwamba tukiiondoa ile carafe, tumekwisha kusema. Tungekuwa tumemwambia kaka mtu kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na mdogo wake angetoka pale akiwa ameshahukumiwa na watu wa mkahawa. Chupa mpya ingefika kwenye meza yenye mtu mmoja.

Kwetu dawa ya hofu hiyo inajulikana na kila mtu: aliyeleta ndiye anaanza. Mama anayekupa pombe ya mahindi anakunywa kwanza mbele yako, kisha anakupa. Nilijua ni mimi wa kuanza, kwa sababu meza ile niliipokea mimi. Nilijua pia kwamba kuonja kwangu kwa kazi hakutafaa. Nikitema pale, mbele ya macho yake, ningekuwa nimemwonyesha kwa mdomo wangu kwamba kile kitu hakimezeki. Na nilijua Mama Béatrice ameweka uma chini na ananitazama. Yote hayo niliyaona kwa pamoja, na msiniulize ilichukua muda gani.

Nikasema: Pardon, Papa. Nikaiondoa ile glasi polepole chini ya kiganja chake, yeye akaiachia. Nikamimina kutoka carafe ile ile, si tone la kuonja, glasi ya mtu. Nikanywa. Nilikunywa yote, nikiwa nimesimama, na nikahakikisha anaona koo langu likishuka. Ilikuwa divai nzuri sana. Kwa miaka mingi niliijua hadi kwenye ulimi tu, na siku ile nilijua inavyopasha kifua. Nikaweka glasi mezani, nikabaki nimesimama hapo hapo, mikono nyuma.

Mzee alinitazama. Alitazama macho yangu, mdomo wangu, mikono yangu. Mdogo wake alitazama kitambaa. Gérant alikuwa ameurudisha mkono wake.

— Mama, weye uko mu kanisa gani? aliniuliza ghafla.

Nikamtajia.

— Kule habakunywake.

— Ndiyo, Papa. Hatukunywake.

Kisha akaisukuma kwangu ile glasi ile ile niliyoinywea, hakutaka nyingine, akasema: Mimina. Nilimimina. Akanywa kidogo, akaiweka, akavua koti lake na kulitundika nyuma ya kiti. Akamwambia mdogo wake, bila kumtazama:

— Ikala muzuri, usiende. Uagize samaki.

Walikaa pale hadi meza nyingine zote zikafutwa. Mimi niliwahudumia nikiwa na kichwa chepesi, nikishika kila ukingo wa meza niliopita. Gérant hakunilaumu. Aliniambia tu, tukiwa office, kwamba angependa nisirudie, nami nikamwambia sina hamu ya kurudia. Tangu siku hiyo carafe ilimiminwa kando ya meza, kwenye kimeza kidogo cha magurudumu, wageni wakiona kila kitu, na nilichekelea moyoni nilipomsikia akiwaeleza wahudumu wapya kwamba hiyo ndiyo classe.

Kanisani niliitwa wiki iliyofuata. Simlaumu Mama Béatrice. Aliona alichokiona, na ahadi yangu aliisikia kama wengine. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, pasta katikati.

— Ulikunywa?

— Nilikunywa.

— Ilikuangukia mu koo, ao ulimeza kwa kupenda?

— Nilimeza kwa kupenda, Pasta. Nilimaliza glasi.

Niliwaeleza sababu. Walinisikiliza vizuri, na mmoja wao alifuta macho. Lakini sheria yao ilikuwa moja: nisimame Jumapili mbele ya watu, niseme nimekosa, wataniombea, na baada ya muda nitarudi kwaya. Ilikuwa njia rahisi. Wengi waliipita, hata kwa mambo mazito kuliko glasi ya divai, na leo wanaimba. Nilikwenda nyumbani nikaifikiri usiku na mchana. Nilijaribu kuyasema yale maneno peke yangu nikikoroga bukari, ugali wetu, na hayakutoka. Jumapili ilipofika sikusimama. Nikavuliwa joho la kwaya, nikakaa na watu wengine.

Niliumia, sitawaficha. Nililia kwa miezi. Kulikuwa na Jumapili ambazo sauti ya pili ilipotea katikati ya wimbo na mwili wangu wote ulitaka kuinuka. Baba watoto aliniambia, bibi, sema tu lile neno, linakugharimu nini? 

Jibu la kumpa nilipata siku nyingine mchana, mkahawani, watu wakiwa wachache. Yule mfanyabiashara wa duka aliingia peke yake, hakukaa. Wao wawili walikuwa wamekuja mara nyingi baada ya siku ile, daima meza ya pembeni, na chupa nilifungua mbele yao. Alinishika mkono.

— Mama, jana yaya alikula kwangu. Bukari na sombe ya majani ya mihogo, bibi yangu alipika. Alikula na batoto yake bote, akaomba ingine.

Aliposhika njia ya kutoka aligeuka akasema kwamba wataonekana mara chache sasa, kwa sababu wanakula nyumbani. Kweli, hawakuja tena ila kwa sikukuu. Katika kazi yangu yote hao ndio wateja pekee niliofurahi kuwapoteza.

Nilistaafu wakati miguu ilipokataa. Nilimwachia limonadier binti niliyemfundisha, ana mkono mwepesi kuliko wangu. Wananialika mara kwa mara kuzungumza na wahudumu wapya, nao wanataka niwaambie kuhusu harufu na miaka ya divai. Nawaambia. Kisha nawaambia wafungue mezani, wasiharakishe, na wamtazame mgeni kabla ya kutazama chupa. Hayo mengine watayasoma.

Kanisani amekuja pasta mpya, kijana, mwenye moyo mzuri. Alifika hadi huku Kasungami kunitembelea, akakaa, akala mihogo yangu. Alikuwa ameelezwa habari zangu.

— Mama Odile, kwaya iko nakosa sauti yenu. Mambo ilipita kale. Mukuje Jumapili, museme tu neno moja: nilikosa. Siku ileile munavaa joho.

— Pasta, bale bandugu babili banakula pamoja mpaka leo. Nikisema nilikosa, nakuwa nasema ningebaachilia baende kila muntu kwake. Na mi najua nitafanya ile ile, leo hii, ukiniletea ile meza. Sasa nidanganye mu kanisa, njo niimbe mu kanisa?

Alimaliza mihogo, akaomba, akaondoka, na nadhani tuliachana vizuri.

Kwa hiyo ninakaa benchi la wote, upande wa wanawake. Ninalikosa lile joho kila Jumapili, na sitegemei litarudi. Lakini wimbo ukianza ninaushika kutoka pale nilipo, sauti ya pili, kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na mara kwa mara mmoja wa wale walio mbele anageuza sikio upande wangu ili asipotee. Walinikataza kusimama pale mbele. Kuimba nikiwa nimekaa hakuna aliyenikataza.